Alipika Ijumaa, Akapumzika Jumamosi: Maisha ya Mercyline Bosibori Omwenga (1974–2025)

Asanteni kwa kuja. Najua wengine wenu mmebadilishana zamu ili mfike, na wengine mna sare ya kazi chini ya koti, kwa hiyo sitawachosha sana. Mimi ni Virginia Kemunto, mdogo wake marehemu, yule mliyezoea kumwona akiingia kanisani nyuma yake, amechelewa. Familia imeniomba niwasomee maisha ya dadangu hapa Dubai leo Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, kabla hatujamsafirisha nyumbani. Yatasomwa tena Magombo siku ya mazishi, Alhamisi tarehe 13. Huko wazee wataniomba nipunguze utani. Hapa sioni wa kunizuia.

Mercyline alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika kijiji cha Magombo, Nyamira, mtoto wa kwanza kati ya saba wa Mzee Yekoniya Nyang'au na Mama Sabina Moraa. Wazazi wetu walikuwa Waadventista wa Sabato wa ile aina ya zamani. Kwetu Ijumaa iliitwa siku ya maandalio, na maandalio yenyewe yalikuwa kazi ya kweli. Kabla jua halijazama, kuni ziwe ndani, maji yawe mtungini, viatu viwe vimepigwa rangi, na chakula cha Jumamosi kiwe kimepikwa na kufunikwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia tangu akiwa msichana mdogo. Alijifunza mapema ni chakula gani kikilala huharibika na kipi hunoga. Chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, hunoga. Sisi wengine tulionywa tusiguse sufuria, na aliyegusa alionja mwiko wa dada mgongoni.

Alisoma shule ya msingi hapo Magombo akamaliza mwaka 1988, kisha akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1992. Alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kushona. Sketi aliyonishonea ilikuwa na mfuko upande wa nyuma, na nililazimishwa kuivaa. Baada ya hapo alifanya mwaka mmoja wa mafunzo ya upishi mjini Kisii. Kuanzia 1995 alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha majani chai, akisonga ugali wa watu waliotoka kuchuma wakiwa na njaa na hasira. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyeweza kuwaridhisha wale anaweza kumridhisha yeyote.

Hapo kantini ndipo alipompata Stephen Omwenga, fundi wa mashine. Stephen alikuwa akirudi kuomba ugali wa mara ya pili hata siku ambazo alikuwa ameshiba, na dadangu aliliona hilo mapema kuliko yeye mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1999. Mungu aliwajalia Dorcus mwaka 2002 na Isaiah mwaka 2006. Stephen, shemeji yangu, umekaa hapa mbele na sitaki kukuliza. Nataka tu watu wajue kwamba kwa miaka yote ambayo mlikuwa mbali mbali, sikuwahi kumsikia dada akikusengenya, na mimi nilikuwa nikimchokoza makusudi.

Alifika Dubai tarehe 8 Septemba 2009. Alikuja kuosha vyombo katika Lindenhof, mkahawa wa Kijerumani ulio chini ya hoteli moja huko Jumeirah Lakes Towers. Tuliishi chumba kimoja Satwa, mimi nikiwa mlinzi katika jengo la jirani na kazini kwake. Alikuja akiamini Wajerumani wote wanakula kitu kimoja, kama vile wengi wao wanavyoamini kwamba Waafrika wote tunakula kitu kimoja. Wiki ya kwanza haikuisha kabla hajafunguliwa macho.

Mwenye mkahawa, Madam Gisela, alitoka Stuttgart, kusini. Mpishi mkuu, Shefu Uwe, alitoka Bremen, kaskazini. Madam alitaka saladi ya viazi ya kwao: viazi vikatwe vikiwa moto, vimwagiwe supu ya nyama, siki na haradali, basi. Uwe alitaka ya kwao, yenye mayonezi, mayai na matango ya siki. Mmoja akiitengeneza yake, mwingine alitoka jikoni kwa hasira. Dadangu akaona anaosha mabakuli mawili kila siku kwa sababu ya ugomvi mmoja. Alipopewa nafasi ya kusaidia kumenya, akaanza kuzitengeneza zote mbili, na jioni alimwambia kila mmoja kwamba ya kwake ndiyo iliyoisha kwanza. Huo ndio uongo pekee ninaoujua kwake, na nyumba ile ikapata amani.

Kuanzia hapo aliijua Ujerumani kwa njia ya sufuria. Mtu wa Bavaria hutengeneza madonge yake kwa mkate uliokauka, mtu wa Thuringia kwa viazi vibichi vilivyokunwa na kukamuliwa kwenye kitambaa, na kila mmoja anamhurumia mwenzake. Watu wa kwao Madam hukwangua unga uliokandwa laini kutoka kwenye ubao, ukaanguka vipande vipande kwenye maji yanayochemka. Watu wa mto Rhine wana nyama ya ng'ombe inayolazwa kwenye siki na viungo kwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, iitwayo sauerbraten, na mchuzi wake wanautia zabibu kavu. Madam alisema zabibu ni za keki. Hata bia, alijua kwamba watu wa Cologne wanataka glasi nyembamba ndogo na watu wa Munich wanataka kikombe kizito cha lita nzima, ingawa yeye hakuwahi kulamba hata povu lake.

Kosa lake kubwa alilifanya msimu wa baridi wa mwaka 2010. Uwe aliagiza grünkohl kutoka Ulaya, mboga ya majani ambayo watu wa Bremen wanaingojea mwaka mzima. Mercyline alipoyaona majani yale alicheka: ilikuwa sukuma wiki iliyojikunja. Uwe akamwambia aibandike jikoni, naye akaenda kupokea mzigo wa samaki. Aliporudi alikuta imeshaiva, ya kijani kabisa, ina vitunguu na nyanya, tayari kwa ugali. Uwe alikaa chini juu ya gunia la viazi. Ndipo akamweleza, taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba kwao mboga hiyo huchemka kwa masaa na mafuta na shayiri hadi rangi ya kijani itoke, kisha ilale, na kesho yake ipashwe tena moto ndipo iliwe. Wakaanza upya. Jioni dadangu alishindwa kuvumilia.

"Shefu," akasema, "hii mboga ilikufa tangu asubuhi. Mbona tunaendelea kuipiga?"

Uwe alimwomba asubiri kesho. Kesho yake dadangu akaonja, akasema inafanana na chinsaga ya mama. Uwe naye, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameimaliza ile sahani ya sukuma wiki. Baada ya wiki chache alimtoa kwenye sinki akamsimamisha kwenye jiko, na kwa miaka iliyofuata alimfundisha kila alichokijua.

Hapa kanisani kuna waliouliza, na wengine hawakuuliza ila walinong'ona, Msabato anafanya nini katika nyumba ya nguruwe na bia. Kwanza mjue kwamba nguruwe huwa na chumba chake kule, kina visu vyake na mlango wake, na dadangu hakuwahi kukanyaga humo. Aliyefanya kazi chumba hicho ni rafiki yake, Eseza Nakato wa Masaka, ambaye ni Mkatoliki na hana ugomvi na soseji. Mchuzi wowote uliokuwa na kitu asichokila Mercyline, aliunusa tu, kisha Eseza akauonja na kumpa taarifa. Mzee mmoja wa kanisa alipomhoji waziwazi, alimjibu kwamba Danieli naye aliajiriwa kwa wenyewe na hakula chakula chao. Mzee alicheka, na siku hizi ni mteja wa madonge ya mkate.

Mwaka 2019 Madam Gisela alistaafu akarudi Stuttgart, akamwachia usimamizi Bwana Thamer. Uwe naye akarudi Bremen, na Mercyline ndiye aliyebaki akishika jiko. Hadi wakati huo Jumamosi haikuwa na shida. Wikiendi ya hapa ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, meza kubwa za familia zilijaa Ijumaa, naye Jumamosi alipumzika kama walivyokubaliana na Madam tangu mwanzo. Mnakumbuka kilichotokea Januari 2022. Wikiendi ikahamishiwa Jumamosi na Jumapili, na zile meza kubwa nazo zikahamia Jumamosi.

Bwana Thamer alimwita ofisini. Hakumkaripia; yeye mwenyewe alikuwa na wakubwa wake walioangalia viti vitupu. Alimwambia kwamba Jumamosi sasa ndiyo siku ya mkahawa, na mpishi anayeshika jiko hawezi kukosekana siku hiyo. Kila mtu kazini, khalas, yaani basi. Dadangu akasema hatakuja. Thamer akampa hadi mwisho wa mwezi achague: Jumamosi au kazi.

Naomba mwelewe uzito wake, hasa nyinyi mlioko nyumbani mtakaosomewa haya. Hapa kazi ikiisha, viza inaisha, na mtu anafunga sanduku. Stephen alikuwa amekuja huku kufanya kazi ya viyoyozi, lakini kampuni yake ilifungwa wakati wa corona akarudi Magombo. Dorcus alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi na Isaiah alikuwa sekondari. Wote hao walisimama juu ya dada mmoja. Mimi nilimwambia akubali, Mungu anaelewa hali yetu, na hata leo ningemwambia hivyo hivyo, kwa sababu sina imani ya kiwango chake. Alinisikiliza hadi mwisho akaniuliza kama nimemaliza. Kisha akapiga magoti, na mimi nikalala nikiwa nimeudhika naye.

Aliamka na mpango. Alirudi kwa Thamer akamwambia ampe meza zote za Jumamosi, lakini chakula apike Ijumaa, amalize kabla jua halijazama, na Jumamosi Eseza na wenzake wapashe moto tu na kupakua. Thamer alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Unataka wageni wangu walipe ili wale kiporo?"

"Sir," akasema Mercyline, "hiki ni chakula ambacho wenyewe hawakili kabla hakijalala. Mpigie Uwe."

Wakampigia Uwe Bremen, simu ikiwa mezani katikati yao. Uwe alicheka hadi akakohoa. Akasema grünkohl ya siku ya kwanza bado si chakula, kabichi ya siki ni ya kupashwa tena na tena, na ile nyama ya siki kama haikupewa siku zake, afadhali mtu ale mkate mkavu. Thamer akakubali Jumamosi moja ya kujaribu, tarehe 22 Januari. Ikiharibika, ndiyo basi.

Wiki ile sikumtambua dadangu. Jumanne alilaza nyama kwenye siki. Ijumaa alipika kabichi nyekundu na matofaa, grünkohl, na supu ya dengu iliyotiwa siki kama wanavyoipenda kwao Madam. Saladi ya viazi alichagua ya Stuttgart, kwa sababu ya mayonezi hakuiamini kulala. Uwe alishindwa siku hiyo. Madonge ya mkate aliyafunga marefu kwenye kitambaa, akayachemsha, ili kesho yakatwe vipande na kupashwa kwa mvuke. Jiko lile halina dirisha, kwa hiyo mimi niliyekuwa langoni kwenye jengo la jirani ndiye niliyempigia simu mara kwa mara kumwambia jua limefika wapi. Nilipomwambia limegusa majengo, alikuwa anavua aproni.

Jumamosi alizima simu akaja kanisani, akaimba sauti ya pili kama kawaida. Mimi niliyekaa kando yake ndiye niliyetokwa na jasho. Yaliyotokea kule tuliyasikia baadaye kwa Eseza. Meza zilijaa. Mzee mmoja Mjerumani anayekaa Jumeirah Village Circle, mtu wa karibu na Cologne, alionja sauerbraten akauliza zabibu ziko wapi, na Eseza akamletea kwenye kibakuli kidogo, kwa kuwa dadangu alijua kuna mtu atauliza. Mzee akauliza mpishi ni nani. Akaambiwa mpishi yuko kanisani. Akasema mama yake naye alipika Jumamosi chakula cha Jumapili, ili siku hiyo akae mezani nao badala ya kusimama jikoni. Sufuria zote zilirudi tupu. Jumapili asubuhi Thamer alikuwa amesimama mlangoni akimngoja Mercyline, na alimwambia maneno machache tu: Ijumaa ijayo aongeze nyama. Suala la Jumamosi halikuzungumzwa tena.

Kwa hayo alisomesha. Dorcus alihitimu uuguzi mwaka 2024 na sasa anafanya kazi Eldoret. Isaiah yuko chuo kikuu na anaahidi kumaliza. Isaiah, tumekusikia sote. Nyumba ya Magombo ilipata paa jipya. Na mimi, niliyekuja nchi hii nikiwa sijui hata kupanda metro, nilikula kwa mkono wake kwa miaka kumi na sita. Sijui nitasemaje asante kwa hilo, kwa hiyo nasema tu asante.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kupungua mwili na kuchoka. Madaktari wakagundua saratani ya ini, ambayo ilikuwa imeshasambaa. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, ambao baadhi yao ni Wakenya wenzetu walioacha usingizi wao kwa ajili yake. Tunamshukuru Bwana Thamer, ambaye hakugusa viza yake, akamwekea kiti jikoni kando ya mlango, aje siku anayojisikia. Stephen alifika mwezi Septemba akakaa naye. Kufikia Oktoba harufu ya siki ilimtapisha, mtu aliyeishi nayo miaka yote hiyo, na hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba alisisitiza kwenda. Stephen alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alielekeza kwa kidole, sauti ikiwa imebaki ya kunong'ona. Eseza, kama alivyozoea, alimletea kijiko cha mchuzi anuse. Dadangu akaurudisha mkono wake.

"Leo usiniulize, Eseza. Onja mwenyewe, na ukubali mwenyewe."

Eseza akaonja, akakubali. Chakula kikafunikwa, nasi tukampeleka nyumbani mapema. Kesho yake alfajiri hali ilibadilika tukamkimbiza hospitali. Alilala Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025, kabla ya adhuhuri, Stephen akiwa ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja.

Nilimpigia Eseza. Kule mkahawani watu walikuwa ndio kwanza wanakaa. Eseza alimwambia Thamer nyuma ya mlango wa jiko, akataka kuzima moto na kuwaomba wageni radhi. Thamer akamwambia asizime, leo ni siku yake ya kupumzika, na chakula alishatuachia. Akavua koti lake akabeba sahani yeye mwenyewe. Wageni walikula hadi sufuria zikaisha, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Niliposikia hawakufunga, niliwaka. Nilisema mengi siku ile, na Thamer aliyapokea yote. Ni Stephen aliyenikalisha chini. Aliniambia, "Virginia, hicho ndicho alichokipigania. Watu washibe, na yeye apumzike." Bwana Thamer, uko pale nyuma, umekataa kiti. Asante.

Marehemu amemwacha mumewe Stephen, watoto wake Dorcus na Isaiah, mama yetu Sabina Moraa, na sisi wadogo zake sita: Joash, Virginia, Rodah, Evans, Tabitha na Ombati. Amemwacha Eseza, ambaye kuanzia sasa tunamhesabu kati yetu, na Madam Gisela na Uwe, waliotuma salamu zao za rambirambi kila mmoja kivyake. Ameliacha kanisa hili, na jiko lisilo na dirisha ambako juzi Ijumaa kazi ilimalizika kabla jua halijazama.

Bwana amtunze Mercyline Bosibori katika Sabato asiyohitaji kuiombea ruhusa kwa mtu.